Elfu tano yangu kwenye ndoo ya wauguzi, na vitumbua vilivyokunywa mafuta

Mimi nakaanga vitumbua Ngamiani, Barabara ya 12, tangu kifungua mimba wangu hajaota meno, na leo ana wanawe wawili. Mtu anayeniuzia kitumbua ajue anampelekea mvuvi samaki.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kula chakula cha hisani ambacho mabinti wa chuo kimoja cha afya hapa Tanga hukiandaa kila mwaka. Jina la chuo naliacha, maana nina manung'uniko yangu na sitaki simu ya mkuu wao. Huu ni mwaka wangu wa tatu kwenda. Chama chao ni cha wanafunzi wa kike watupu, wanaitana dada hata kama mmoja kaingia hosteli juzi. Fedha wanayopata inanunua vitambaa vya kushonea taulo za kike za kufua, kwa wasichana wa shule za vijijini kule Muheza na Mkinga. Tiketi niliuziwa na binti aliyekuja kwangu asubuhi, akaagiza chai ya rangi na vitumbua vitatu, akala, akalipa, ndipo akatoa kitabu cha tiketi kwenye mkoba. Nilimpenda kwa hilo. Wengine huanza na tiketi, chai wakaomba ya bure.

Tiketi ni 6,000. Inakupa sahani ya wali wa nazi, kipande cha samaki wa kupaka, kachumbari, kikombe cha chai na vitumbua viwili. Watoto nusu bei. Ukitaka cha kubeba nyumbani unanunua pembeni.

Tiketi iliandikwa saa 6 mchana. Sahani yangu ilinifikia saa 7 na dakika 40. Tanga wanatuita waja leo warudi leo. Kwa foleni ile nilidhani nitakesha. Viti vilikuwa vichache, spika ilikuwa kubwa, na aliyepanga spika karibu na meza ya wazee ana deni na masikio yangu.

Lakini samaki! Alikuwa kolekole. Binti wa jikoni aliniambia walikwenda soko la samaki la Deep Sea alfajiri, wakamkuta mnadani macho bado yanang'aa, nami nakubali, kwa sababu nyama iliachana na mwiba bila kuvutwa. Na kupaka kwao kulikuwa kupaka kweli. Siku hizi wengi wanakaanga samaki halafu wanammwagia mchuzi juu, wanakuambia ndiyo kupaka. Hawa walimchoma kwanza juu ya mkaa mpaka ngozi ikakauka, kisha wakampaka tui zito lililochemshwa na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbuzi na ndimu. Upande huu, akageuzwa, upande ule, akarudiwa tena, mpaka tui likashika rangi na kuanza kuungua kidogo pembezoni. Nazi walikuna wenyewe. Nilichungulia nyuma ya jiko nikamwona mmoja kakalia mbuzi, kanga kaifunga kifuani, kijasho kinamtoka, na rundo la vifuu miguuni. Sikuuliza zaidi. Wali ulikuwa chembe moja moja, chumvi imepungua kidogo, si neno.

Sasa vitumbua. Cha kwanza nilikibana kwa vidole viwili, mafuta yakateremka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Hiyo haina siri: chuma hakikupata moto. Kitumbua kinataka mafuta kidogo tundini na moto wa kutosha, uji ukigusa tu useme chwaa. Ukiumimina kwenye mafuta ya uvuguvugu unalala humo na kuyanywa. Na uji wenyewe ulikuwa umechachuka kupita kiasi. Nikauliza mchele umelowekwa lini. Alhamisi usiku, nikajibiwa, ili kuwahi. Alhamisi, kwa joto hili! Mchele unalowekwa jioni, alfajiri unasagwa na tui, unatiwa hamira, sukari na iliki, unaachwa uumuke, basi unakaangwa asubuhi ile ile. Ukichelewesha unapata togwa ya kukaanga.

Bwana mmoja aliyekaa mkabala nami akaniambia, "Mama, hii ni hisani, usiwavunje moyo watoto." Nikamwambia nimelipa 6,000 sawa na yeye, na kama samaki nimemsifu kwa sauti, kitumbua nacho nitakisema kwa sauti hiyo hiyo. Hisani ni yangu, ninayetoa fedha. Kitumbua ni kazi yao. Akanyamaza, lakini vyake hakuvimaliza, nilimwona akivifunga kwenye karatasi ya shashi.

Kilichonichekesha mwaka huu ni ndoo. Walipanga ndoo nne mezani, kila moja na karatasi ya jina: wauguzi, wakunga, maabara, famasia. Nikaona watu wanatia fedha. Nami, kwa kuwa mjukuu wangu nusura afie hospitali ya Bombo akiwa mchanga na muuguzi mmoja wa usiku ndiye aliyekaa naye mpaka kukapambazuka, nikachomoa noti ya 5,000 nikaitia ndoo ya wauguzi kwa moyo mweupe. Mabinti wa uuguzi wakapiga ukelele kama wamefiwa. "Mama, umetuua!" Wa famasia wanarukaruka, wananikumbatia.

Kumbe sarafu ndizo zinazokuongezea alama, na noti zinakupunguzia. Mia mbili yako ni mia mbili juu. Elfu tano yako ni elfu tano chini. Kwa hiyo ukitaka kundi lako lishinde, unatia sarafu kwenu na noti kwa jirani. Fedha yote mwisho inaingia mfuko mmoja, ila kwa ubishi wa kuumizana watu wanatoa noti ambazo kwa kuombwa tu wasingetoa. Ni ujanja mtupu, na mimi ni mfanyabiashara, nauheshimu ujanja. Nilikwenda kwa muuza maji nje ya geti, nikavunja 2,000 nyingine kwa sarafu nikawafidie wauguzi. Haikutosha. Walishika mkia.

Mwenyekiti wao, binti mrefu mwenye miwani, alikuja kuniamkia na kunipa pole. Akasema mchezo huo waliletewa na dada mmoja aliyesoma Marekani. Huko vyuoni kuna vyama vya wasichana vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki, na kuchangisha kwa ajili ya hisani ni desturi yao. Kimoja, Alpha Kappa Alpha, kilianzishwa mwaka 1908 na wanafunzi weusi wa Howard University kule Washington. Kamala Harris alijiunga nacho alipokuwa anasoma hapo hapo. Kingine, Delta Gamma, huchangisha kwa mashindano ya kuogelea, fedha inakwenda kwa wenye matatizo ya kuona. Nikamwuliza mbona basi hawakuleta la kuogelea, na bahari ya Raskazone tunayo. Akacheka. "Mama, nusu yetu tumetoka Singida."

Kitu kinachonirudisha kila mwaka, kuliko hata samaki, ni ubao ulioegemezwa kwenye mwembe. Wamebandika mapato na matumizi ya mwaka jana: stakabadhi ya flana, ya uzi, ya vifungo, nauli ya kwenda vijijini, mpaka risiti ya mkaa. Nimeshachangia mambo mengi mjini hapa, harusi, misiba, kamati za hili na lile, na risiti ya mkaa sijawahi kuonyeshwa. Pembeni kuna meza ya cherehani ambapo wanakuonyesha taulo yenyewe: flana juu, kitambaa cha taulo katikati cha kunyonya, chini kitambaa kisichopitisha maji, mabawa mawili ya kufunga kwa kifungo. Niliivuta mshono kwa nguvu zangu zote. Haukuachia.

Binti aliyekuwa kwenye cherehani ndiye aliyenikumbusha habari ya kodi. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mwaka 2019 msamaha ukafutwa, maana bei madukani haikushuka kama ilivyotarajiwa. Mie dukani kwa jirani yangu niliona bei ile ile kabla na baada. Kwa mtoto wa Mkinga ambaye mama yake anauza machungwa kwa fungu, ya kufua ndiyo yenye maana, mradi maji na sabuni vipo na apate pa kuianika juani bila haya. Hilo la kuianika nilimwambia walifundishe zaidi, kwa sababu najua tulivyokuwa tukificha vyetu chini ya godoro vikabaki na unyevu.

Kama mnataka kwenda mwakani: fikeni saa 7, msisumbuke na saa 6. Bebeni sarafu. Kaeni mbali na spika. Kunyweni chai, tangawizi yake imesagwa siku hiyo hiyo. Vitumbua visubirini kwanza, kwani kabla sijaondoka nilimwita yule mwenye zamu ya chuma, nikamwambia aje kwangu Ijumaa usiku atakapokuwa hana zamu hospitali, tuloweke mchele pamoja. Alikuja kweli, na daftari. Alfajiri alinigeuzia vitumbua thelathini na kuniunguzia saba.

Chuma changu cha zamani, kile cha matundu saba, nimempa akae nacho mpaka mwakani. Akikirudisha na kutu, mtasoma hapa hapa.