AC ya kufungia kwenye Bedford ya jeshi: uzoefu wangu wa miezi mitano, Nakuru hadi Ahero

Lori langu ni Bedford MJ, la zamani la jeshi, nililolipata mnadani. Kwa asiyeijua, injini yake imekaa chini, nyuma ya viti, kwa hivyo moto wa injini unakupata mgongoni kabla jua halijakupata usoni. Kazi yangu ni kutoa mchele Ahero kuuleta Nakuru. Mvua ikishika nyanda za Kano, ule udongo mweusi unameza lori la kawaida hadi ekseli, ndiyo maana nikataka linalovuta magurudumu yote manne. Kwa tope sijawahi kulijutia, lakini ukiwa ndani ya kebini saa nane mchana, Februari, unapikwa kama wali wenyewe.

Nikanunua seti ya AC ya kufungia, ya volti 24: kompresa, kondensa yenye feni mbili, evapareta ya kuning'iniza chini ya dashibodi, mipira, rilei na nyaya zake. Seti ilinigharimu shilingi 78,000, kuifunga 15,000. Kabla ya hapo kuna muuzaji aliyetaka kunipa ya volti 12, ya bei nafuu, eti tuvute umeme kwenye betri moja tu kati ya zile mbili. Usikubali ujanja huo. Betri inayovutwa inabaki na njaa, mwenzake inachajiwa kupita kiasi, na mwishowe unanunua zote mbili.

Seti yenyewe sina neno nayo. Neno ninalo na walioifunga.

Wiki ya kwanza tulitoka Nakuru alfajiri na AC ikapiga baridi safi. Salgaa baridi, Mau Summit baridi, Kericho baridi, yaani kote kule ambako hata ukizima unatafuta sweta. Tulipoteremka Awasi nikasikia "tak" mbele, na upepo ukageuka pumzi ya ng'ombe. Ahero tukafika madirisha yote wazi, taniboi wangu ananiangalia tu bila kusema kitu. Jioni tukirudi, tukipandisha Kericho, ikawaka tena yenyewe kana kwamba haijui tulikuwa tunazungumzia nini.

Nikarudi kwa walioifunga. "Gesi imepungua, boss." Wakaongeza. Safari iliyofuata, Awasi, tak. Gereji ya pili Nakuru: gesi. Elfu tatu. Awasi, tak. Gereji ya tatu walijitahidi zaidi, wakatoa gesi yote na kufunga pampu ya kunyonya hewa, halafu wakaniambia mfumo unavuja kwa sababu geji imegoma kwenye inchi 24 (inchi za zebaki, kipimo cha mnyonyo) na kitabu kinasema 29. Hapo nikalipa kubadilishiwa mpira ambao haukuwa na kosa. Inchi 29 ni za pwani. Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na pampu hata ikiwa mpya kabisa itaishia karibu na hizo 24. Kisumu utapata kama 26. Cha kuangalia ni kama mshale unatulia pale pale ukizima pampu, na wetu ulikuwa umetulia. Kisha nao wakajaza gesi kwa kukisia.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi wa umeme wa magari, Kisumu, upande wa Kibuye. Nilimfikia saa saba mchana, jua la kupasua mawe, tatizo likiwa bado linaonekana.

"Omera, gesi mmeongeza mara ngapi?"

"Mara tatu, mzee."

"Na ile ya kwanza ilivujia wapi?"

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyewahi hata kupaka povu la sabuni kwenye maungio.

Hakugusa geji. Alisema niache injini inanguruma na AC iwe imewashwa, akachukua tester yake iliyofungwa kwa raba ya tyubu. Ncha moja akaishika kwenye hasi ya betri, nyingine akaidunga kwenye mwisho wa waya mweusi wa klachi ya kompresa (sumaku ya umeme inayoishikisha kompresa na puli yake ili izunguke), pale ulipofungwa kwa bolti kwenye chesisi. "Hapa inatakiwa kusoma sifuri, au karibu nayo." Ikasoma 9.2. Kwenye betri tulikuwa na 27.4, kwa hivyo klachi ilikuwa inaishi kwa volti 18 tu. Akafungua ile bolti kwa spana, akanionyesha chini ya washa: rangi nyeupe niliyopaka mimi, chini yake kijani cha jeshi, na chini ya hicho kijani kingine, nene kama ganda la ugali. Waliofunga walikaza waya juu ya rangi. Umeme ulikuwa unapita kwenye nyuzi za bolti peke yake.

Akakwangua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akapaka grisi kidogo, akakaza. Tester ikasoma 0.1.

Kwa nini ilikuwa inaharibika Awasi na si Mau Summit? Koili ya klachi ni waya wa shaba, na shaba ikipata moto umeme unaopita unapungua. Kule juu sumaku dhaifu ilitosha kushika. Kwenye joto la Kano ikaachia. Na kwa sababu ilikuwa inateleza kila siku, sahani yake ililika. Mzee akapima mwanya kati ya sahani na puli kwa fila geji akakuta zaidi ya milimita moja, wakati haifai kuzidi kama 0.8. Akatoa washa moja nyembamba, mwanya ukarudi.

Mwisho ndipo akaja kwenye gesi. Ilikuwa nyingi mno, presha upande wa juu imepanda hadi swichi ya usalama ilikuwa karibu kukata. Akatoa yote, akapima upya kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha kondensa. Kazi yote, 4,500. Siku hiyo hiyo Ahero, nje nyuzi 33, niliweka kipimajoto kwenye tundu la upepo nikapata 11.

Kwa hivyo seti naipa nyota nne kati ya tano, ufungaji moja, na hiyo moja ni ya mabano ya kompresa ambayo kweli waliyachomea vizuri. Ukifunga kwenye lori la jeshi, simama hapo mwenyewe na msasa mkononi. Pia angalia mpira wa ule mlango wa paa. Wangu ulikuwa umekauka, hewa moto inaingia kichwani moja kwa moja, nikabadilisha kwa mpira wa mlango wa Canter uliokatwa.

Kimebaki kitu kimoja. Bomba la kutoa maji ya evapareta limekunjwa nyuma ya dashibodi, na tukipiga kona za Londiani taniboi anamwagiwa miguuni. Jumamosi nalifungua.