Dele langu la shaba, baada ya kulitia kahawa

Nilikwenda Mji wa Kale, Mombasa, kutafuta pambo la kabati la sebuleni, basi. Macho yakaangukia dele la shaba, birika la kahawa: kimo shubiri moja na nusu, chini pana, kiunoni limebana, mdomo umepinda kama wa kasuku. Muuzaji alianza na 9,000. Tukavutana mpaka 6,500.

Uzuri wake hauna ubishi. Limefuliwa kwa nyundo. Ukiligeuza kwenye mwanga, vishimo vya nyundo vimefuatana kama magamba ya samaki, na mahali pamoja fundi amepotea mstari kisha akarudi. Hapo ndipo ninapopapenda zaidi. Mkono wake umepigiliwa vijimsumari vitatu, haukugandishwa kwa lihamu tu, kwa hiyo hata likijaa hautikisiki. Kaka yangu yuko Dubai. Nilipomtumia picha akanirudishia ya sarafu ya dirham moja ya huko: dele lile lile, limechorwa upande mmoja. "Umetoa pesa ukanunua pesa," akanicheka.

Sasa, mimi ni mtu wa Kibokoni, mtaa wa humo humo Mji wa Kale. Dele lisilomimina kwangu ni sanamu. Nikalijaza maji ya moto nilijaribu. Mdomo hauna dosari: maji yanatoka uzi mwembamba, ukiinua mkono yanakatika papo hapo, hakuna tone linaloteremka shingoni. Hata wale wauza kahawa wanaotembea na madele juu ya makaa wangelipitisha.

Tatizo liko ndani. Nilimulika kwa tochi ya simu nikaona shaba tupu, halikutiwa bati, na muuzaji alikuwa ameniapia kuwa limetiwa! Shaba tupu hushika kutu ya kijani, na kutu ile ni sumu. Nikalirudisha.

"Mama, watu wananunua kuweka tu, hawanywei."

"Mie nanywea."

Pesa hakurudisha, wala haya hakuona. Duka silitaji, ila ukienda kununua popote, chukua tochi na ufunue kifuniko kabla hujataja bei.

Nikalipeleka kwa fundi mzee wa bati. Akalipasha juu ya makaa, akayeyusha bati ndani, akalizungusha huku akisugua kwa pamba mpaka kukawa kweupe kote. Shilingi 800, na nikalipata jioni ile ile.

Kulisafisha nje natumia ndimu na majivu, au ukwaju uliorowekwa. Waya wa chuma marufuku. Hewa ya bahari hulififisha upesi, kwa hiyo kila wiki mbili nina kazi, na asiyependa kusugua bora anunue la kioo.

Ijumaa baada ya Alasiri nikachomeka kilifu cha mnazi mdomoni kuchuja, nikatia kahawa tungu na tangawizi. Baba watoto alikunywa vikombe vitano na kashata, kisha akauliza lile pambo la kabati litanunuliwa lini.