TAHADHARI: Beetle "imebaki kufunga tu" inayouzwa kwa wazazi wanaotaka mradi na kijana wao

Wazazi mnaotafuta Volkswagen Beetle ya zamani ili muifufue pamoja na kijana wenu, shikeni pesa kwanza. Kuna tangazo linalozunguka kwa sura nyingi, lakini maneno ni yale yale: gari limeshachomelewa lote, bodi imepigwa rangi ya msingi, injini imefanyiwa ovaholi (imefunguliwa yote na kutengenezwa upya), vipuri vyote vimo kwenye maboksi, "imebaki kufunga tu, kazi ya wikiendi chache kwa mzazi na mtoto". Anayeandika hivyo anajua anamwandikia nani. Mzazi anayetaka gari la kumfundishia mtoto mara nyingi hajawahi kulala chini ya Beetle, na ana haraka, kwa sababu kijana wa miaka 15 hatabaki nyumbani muda mrefu. Haraka hiyo ndiyo inayowindwa.

Kinachouzwa ni gari lililooza likafunikwa. Tunaeleza hapa linavyofunikwa na jinsi ya kulifunua kabla hujatoa hata senti.

Anzia chini ya milango. Beetle haina chasisi ya reli mbili kama pikapu. Ina sakafu ya bati yenye mgongo katikati, na bodi imekalishwa juu yake kwa boliti. Uimara wa bodi yote uko kwenye chaneli za hita, yale masanduku marefu ya bati yanayopita chini ya milango, kulia na kushoto. Hewa ya moto kutoka injini hupita humo kwenda miguuni na kwenye kioo cha mbele. Maji yakishaingia hayaonekani, na bati huliwa kutokea ndani kuja nje. Ukiona kitundu kimoja nje, ujue ndani kumekwisha.

Kubadilisha chaneli kwa haki ni kazi ya subira. Kwanza unachomelea vyuma vya kushikilia nafasi ya mlango ili bodi isijikunje, kisha unakata upande mmoja tu, unapima mwanya wa mlango, unachomelea chaneli mpya, unapima tena, ndipo unahamia upande wa pili. Tapeli hafanyi hayo. Anakunja bati, analivika juu ya kutu, anajaza ndani lile povu la kuzibia madirisha, anapaka pati (lile tope la kujazia mabonde ya bodi), anasugua, anapulizia rangi. Chini anamwaga lami nyeusi mpaka kila kitu kinang'aa. Kwenye picha linapendeza kweli.

Lala chini na tochi, umulike pale ukingo wa sakafu unapokutana na chaneli. Lazima uone safu ya vichwa vya boliti za M8 (unene wa milimita 8), kila kimoja na washa, yaani kibati cha chini ya boliti, nene ya pembe nne, zikifuatana kutoka mbele hadi nyuma, pande zote mbili. Kama boliti hazipo, au zimekatwa na mahali pake kuna mstari wa kuchomelea, basi bodi imeunganishwa moja kwa moja na sakafu kwa kuwa chaneli haina tena pa kushikia nati. Gari hilo halifunguki bila grainda. Hapo hakuna "kufunga tu". Ni kukata upya kila alichoficha.

Kama lami imefunika hata boliti, omba ruhusa ya kukwangua sehemu ya upana wa kiganja. Mwenye gari zima atakupa kikwangulio mwenyewe. Anayekataa ameshakujibu.

Chukua pia sumaku ndogo, uifunge kwa kitambaa chembamba usichubue rangi, uipitishe chini ya milango, kuzunguka taa za mbele, kwenye kona za chini za kioo cha mbele na kwenye ukingo wa shimo la kuwekea gurudumu la akiba mbele. Penye bati inavuta. Penye pati nene inateleza na kudondoka. Pati ya milimita mbili tatu juu ya bati zima si dhambi, kila gari lililonyooshwa linayo. Dhambi ni pale sumaku inapodondoka na kidole chako kikibonyeza kinasikia kitu laini.

Halafu fungua na ufunge mlango gari likiwa chini, ukiutazama mwanya wa juu. Inua upande huo kwa jeki taratibu, fungua tena. Mlango ukianza kukwama au mwanya ukipanuka, bodi inapinda katikati. Usikubali ukiambiwa ni bawaba tu.

Kwa nini tunalisisitiza hili kuliko mengine yote? Reli za viti zimechomelewa kwenye sakafu hiyo, na mikanda inashika kwenye bodi hiyo hiyo. Kijana wako ndiye atakayekaa hapo.

Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Toa kiti, toa betri, shika bati lililo chini yake. Tindikali hula hapo kabla ya mahali pengine popote, na kipande cha bati kilichobandikwa kwa riveti na silikoni ni jambo la kawaida mno kwenye magari haya. Ukiwa hapo hapo, tazama mgongo wa katikati chini ya kiti: namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma. Ilinganishe na hati, tarakimu kwa tarakimu. Kwa magari ya kuanzia modeli ya 1965 tarakimu mbili za kwanza ni aina, na ya tatu ni mwaka wa modeli: 11 ni Beetle ya kawaida, 13 ni Super Beetle, 15 ni ile ya paa la kukunja. Namba ya tarakimu tisa inayoanza na 117 ni modeli ya 1967. Mwaka wa modeli ulianza Agosti, kwa hiyo gari lililotoka kiwandani Septemba 1966 ni modeli ya 1967 na hakuna kosa hapo. Kosa ni namba yenye alama za grainda kuizunguka, au kipande chenye namba kilichokatwa gari jingine na kuchomelewa. Hilo si gari bovu tena, ni kesi ya polisi, na atakayeulizwa ni aliyelishika.

Jihadhari vilevile na anayeuza kwa bei ya gari adimu lenye kioo kidogo cha nyuma cha umbo la yai. Hicho kilitengenezwa kuanzia 1953 hadi 1957 tu, na wapo wanaokata na kuchomelea kwenye bodi za baadaye.

Sasa injini. Kupakwa rangi si ovaholi. Shika puli ya krenki (gurudumu la mkanda lililo mwisho wa mhimili mkuu wa injini) kwa mikono miwili, uivute na kuisukuma kuelekea nyuma na mbele ya gari. Uchezaji sahihi ni milimita 0.07 hadi 0.13, na mwisho wa kuvumilika ni 0.15. Mkono hauwezi kupima hizo, zinahitaji geji ya mshale, lakini ukisikia "tok, tok" waziwazi imeshapita mbali. Wakati mwingine tatizo ni shimu tu, yaani vipete vyembamba vya kurekebisha uchezaji huo. Mara nyingine kasha lenyewe la injini, ambalo ni la aloi ya magnesiamu, limelika pale beringi kuu zinapokaa, na hapo linahitaji kuchongwa na kuwekewa beringi kubwa zaidi. Muuzaji akisema amefanya ovaholi, mwulize pistoni ni za kipimo gani na beringi ni za saizi gani. Fundi aliyefungua injini kweli anajibu bila kufikiri.

Maboksi ya vipuri ndiyo mtego wa kimya. Utaonyeshwa kabureta, taa, vikombe vya magurudumu, vitu vinavyong'aa. Wewe uliza mabati ya kufunika injini na mpira wa kuzunguka sehemu ya injini. Injini hii hupozwa kwa hewa, na mabati hayo ndiyo yanayoielekeza hewa kwenye silinda. Mpira unazuia hewa ya moto ya chini isivutwe tena na feni. Kwenye injini za kabla ya modeli ya 1971 kipozeo cha oili kimesimama ndani ya nyumba ya feni na kuizibia hewa silinda namba 3, ambayo tayari ndiyo hupata joto kuliko zote. Bati moja likikosekana, valvu ya moshi ya silinda hiyo ndiyo huanza kukatika. Mzazi atadhani yeye na mwanawe walikosea kufunga, kumbe waliuziwa injini isiyo na nguo.

Kagua na maboksi ya hita yaliyo kando ya injini. Yakitoboka kwa kutu, moshi wa ekzosi hupita kwenye zile zile chaneli na kuingia ndani ya gari. Kaboni monoksidi haina harufu. Yasipokuwa mazima, yasifungwe kabisa.

Kuhusu malipo: "kuna familia nyingine inakuja Jumamosi, tuma advansi nikushikilie" ni sentensi ya kukufanya usilale chini ya gari. Usitume. Omba video ya moja kwa moja, muuzaji amulike namba ya chasisi na boliti za sakafu huku akitaja tarehe ya siku hiyo. Picha za kuokota mtandaoni hazina hizo.

Na ambao mmeshanunua: msiruhusu gari liwashwe kabla hamjabadilisha mipira yote ya mafuta, ya kipenyo cha ndani cha milimita 5, kila mwisho na klipu yake, na kuhakikisha bomba linapopenya bati la mbele ya injini lina pete ya mpira ya kulikinga lisisuguliwe. Mipira iliyolala miaka mingi hupasuka na kudondosha petroli juu ya injini ya moto. Funikeni nguzo za betri, kwa sababu springi za kiti cha nyuma zikizigusa kiti huwaka. Na mkiinua gari, stendi zikae chini ya bimu ya mbele (mabomba yanayoshika magurudumu ya mbele) na bomba la torsheni la nyuma (bomba nene linalopita kati ya magurudumu ya nyuma), kamwe zisikae chini ya sakafu wala kwenye sehemu za jeki pembeni mpaka muwe mmekwangua lami na kuona bati kwa macho yenu.