Xintiandi au Tianzifang: Mitaa Miwili ya Kale ya Shanghai

Mgeni mwenye alasiri moja tu ya kutazama nyumba za shikumen, yaani zile nyumba za matofali zilizoshikana na zenye milango ya fremu za mawe, hulazimika kuchagua kati ya mitaa hii miwili. Xintiandi ilifunguliwa mwaka 2001 baada ya wakazi wake kuhamishwa. Kuta za nje zilihifadhiwa, lakini sehemu kubwa ya ndani ilijengwa upya ili kupisha mikahawa na maduka ya kifahari. Ni safi, inapitika kwa urahisi, na bei zake ni za juu. Pembeni yake lipo jengo ulikoanzia mkutano mkuu wa kwanza wa Chama cha Kikomunisti cha China mwaka 1921, ambalo sasa ni makumbusho, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalostahili safari.

Tianzifang, katika barabara ya Taikang, ilibadilika kidogo kidogo: wasanii walikodi majengo ya viwanda vya zamani, kisha wenyeji wakaanza kupangisha vyumba vyao vya chini. Vichochoro ni vyembamba mno, nyaya za umeme zimesokotana juu, na huenda shuka iliyoanikwa dirishani ikaning'inia juu ya kibanda cha vinyago. Ni kweli kwamba bidhaa nyingi zinafanana, tena msongamano wa wikendi huchosha. Hata hivyo, anayetafuta dalili za maisha aanzie huku, katika siku ya kazi, na Xintiandi aiache kwa chakula cha jioni.