Bunduki ya .308 kwa mwenye bajeti ndogo: ipi uichukue, ipi uiache dukani

Nguruwe mwitu wa Texas hawaji mmoja mmoja. Wanashuka kumi, kumi na tano, na usiku mmoja unatosha kulaza shamba zima la mahindi. Ukimwangusha wa kwanza, wengine wanatimua mbio kuelekea vichakani, nawe umebakiwa na sekunde chache. Kwa kazi hiyo bunduki ya .308 (.308 ni kipimo cha risasi) inayojijaza yenyewe kila ukifyatua ina maana. Kama unangoja kulungu mmoja mwezi Novemba, huihitaji: nunua ya kukokota kwa mkono, Ruger American au Savage Axis, karibu nusu ya bei, na pesa inayobaki weka kwenye darubini na risasi. Nalisema mapema kwa sababu vijana wetu wengi wa Afrika Mashariki hapa Texas wananunua bunduki kubwa kwa kuvutiwa na sura yake, halafu hawana hata dola za kwenda kulenga shabaha.

Kwanza makaratasi. Mwenye green card anaruhusiwa kununua kwa sheria ya Marekani yote, akijaza Fomu 4473, fomu ya serikali ya kununua bunduki, dukani na kukaguliwa. Aliyeingia kwa viza ya masomo au ya kutembea haruhusiwi, isipokuwa chache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kumnunulia kwa siri mtu ambaye sheria inamkataza ni kosa ambalo tangu 2022 linaweza kukufunga hadi miaka 15, awe binamu, awe shemeji. Na usithubutu kutia kipuri cha bunduki ndani ya kontena linalokwenda Mombasa au Dar. Illinois na jimbo la Washington zilipiga marufuku uuzaji wa nyingi za bunduki hizi mwaka 2023, na California ina masharti makali, kwa hiyo soma sheria ya jimbo lako kabla ya kuweka rubuni. Hapa Texas, tangu Septemba 2019, nguruwe mwitu hawahitaji leseni ya uwindaji kwenye shamba la mtu binafsi, mradi mwenyewe amekuruhusu.

Sasa bei. Bei ya bunduki ni mlango tu. Nyumba yenyewe ni risasi. Risasi moja ya .308 nzuri ya kuwindia hugharimu dola moja na ushee. Mtu anayetaka kuifahamu bunduki yake vizuri atafyatua mia mbili tatu kabla ya kwenda porini. Ongeza darubini, magazini (vikasha vya risasi) mbili za akiba, kinga ya masikio na kabati la chuma la kufungia. Kwa hiyo mwenye dola 1,500 mkononi ana bunduki ya dola 900 au 1,000. Nimepanga kwa kipimo hicho.

Ya kwanza ni Ruger SFAR. Ilitoka mwaka 2022, na kilichonishangaza ni uzito: yenye mtutu wa inchi 16 haifiki kilo 3.2, wakati nyingi za aina yake zinakaribia kilo 4 kabla hujaweka darubini. Aliyetembea saa tatu kwenye matope anajua kilo moja ni nini. Wepesi huo una gharama yake, teke la bunduki begani linaongezeka. Ina kirekebisho chenye nafasi nne cha gesi ya risasi inayoijaza bunduki upya, na wengi wanaolalamika kwamba maganda yanakwama hawajawahi kukigusa. Anza na nafasi ndogo, panda taratibu mpaka bunduki itupe maganda vizuri na kifunga chake kibaki wazi baada ya risasi ya mwisho, kisha iache hapo. Bei dukani huzunguka dola 1,000.

Ya pili ni PA-10 ya Palmetto State Armory, kampuni ya South Carolina. Ukisubiri punguzo, unaipata chini ya SFAR kwa dola mia moja mpaka tatu. Ni nzito, na umaliziaji wake haukupi raha ya macho, lakini uzito huo unameza teke, na mtu wa bega dogo atalenga vizuri zaidi nayo. Jambo la kuangalia hapa ni vipuri. Familia hii yote inatokana na AR-10 aliyoibuni Eugene Stoner pale ArmaLite miaka ya 1950, lakini haikupata kipimo kimoja kama ndugu yake mdogo AR-15. Kishikio cha mbele cha kampuni moja hakikai kwenye bunduki ya nyingine, na hata magazini zina mitindo tofauti. SFAR na PA-10 zote mbili hutumia magazini za mtindo wa SR-25, ambazo ziko kila duka. Ukikuta ya bei chee isiyopokea magazini hizo, ipite.

Ukiishi Ohio au Iowa, mahesabu yanabadilika, kwani huko sheria za kulungu zimejengwa juu ya ganda la risasi lililonyooka, lisilo na shingo nyembamba mbele, na .308 ina shingo. Hapo Ruger AR-556 MPR ya .450 Bushmaster inapanda juu ya orodha. Risasi yake ni nene, milimita 11 na nusu, na ndani ya yadi 150 inamlaza mnyama pale pale. Kupita yadi 200 inaporomoka kama jiwe. Risasi zake pia ni ghali kuliko .308, na mahali pengine sheria huweka kikomo cha risasi unazojaza, Ohio tatu tu.

Browning BAR iliyotumika ni chaguo ambalo watu hawalifikirii. Si ile ya vita ya 1918. Hii ni ya uwindaji, ilitoka 1967, chuma na mbao zake zimefanyiwa kazi ya fundi. Kwa dola 700 mpaka 1,000 unapata bunduki iliyokaa kabatini mwa mzee fulani ikitoka wiki moja kwa mwaka. Magazini yake inachukua risasi nne tu. Haina sura ya kijeshi, kwa hiyo katika majimbo mengi yenye marufuku huwa inapita.

PTR-91 naiweka chini, ingawa moyo unaisogelea. Ni nakala ya G3, bunduki ya kivita ya Wajerumani, ile ile ambayo mtoto wa Kenya amezoea kuiona begani mwa askari polisi. Ni ngumu kama gogo, na magazini zake za ziada ni rahisi kupita zote. Lakini ni nzito, teke lake ni kali, kifunga chake hakibaki wazi risasi zikiisha, na mifereji ya ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, inayachora maganda mpaka anayejaza risasi upya nyumbani anasikitika. Nunua kama unaipenda.

Moja ya kuikwepa: Remington 742, iliyotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1980. Utaiona kwa dola 400 na itakushawishi. Vuta kifunga nyuma, mulika tochi ndani, tazama reli ambazo kifunga huteleza juu yake. Zikiwa zimechimbika, bunduki hiyo imekwisha, na hakuna fundi atakayezirudisha. Hata zikiwa safi, zitachimbika.

Ukishanunua, usiende porini wiki ile ile. Safisha mafuta ya kiwandani, paka mapya, nenda uwanjani na risasi za kampuni mbili tofauti, piga angalau mia moja. Weka darubini isawazike kwenye yadi 100. Mimi niliwahi kuazima bunduki ya mwenzangu bila kuijaribu. Ikakwama risasi ya pili, na nguruwe dume aliyejeruhiwa akaingia kichakani gizani. Tulimtafuta kwa tochi mpaka alfajiri. Ikikwama zaidi ya mara moja au mbili katika mia hizo, na umebadilisha risasi na kurekebisha gesi, mpigie mtengenezaji upange kuirudisha irekebishwe kabla ya msimu.