PCR ya wakati halisi na PCR ya kidijitali katika upimaji wa mahindi yaliyobadilishwa vinasaba
Katika Umoja wa Ulaya, kiambato cha chakula chenye zaidi ya asilimia 0.9 ya zao lililobadilishwa vinasaba lazima kitajwe hivyo kwenye lebo, na ni karibu na kikomo hicho ambapo tofauti ya mbinu hizi mbili za PCR (njia ya maabara ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi ili kiweze kupimwa) huonekana. PCR ya wakati halisi, iliyo nafuu na yenye masafa mapana ya upimaji, hukadiria kiasi kwa kulinganisha sampuli na viwango rejea, yaani sampuli ambazo kiasi chake cha DNA kinajulikana tayari. PCR ya kidijitali huigawa sampuli katika vitone takribani 20,000, kisha huhesabu vyenye DNA inayotafutwa. Kwa hiyo haihitaji viwango hivyo, wala haiyumbishwi sana na kemikali za udongo au kakao zinazozuia mmenyuko wa kunakili DNA. Kwa shehena inayobishaniwa, ningechagua ya pili bila kusita, ingawa mashine yake ni ghali.