Duka la kuagizia kwa apu hapa Mombasa: wanafika haraka, ila kubadilishiwa vitu bila kuulizwa hapana

Nianze na mazuri maana yapo. Duka lenyewe liko Nyali na mimi naishi Tudor, kwa hiyo mzigo lazima uvuke daraja, na mnajua lile daraja jioni linavyofunga, lakini ukiagiza asubuhi kijana wa boda anakufikia kabla ya adhuhuri, ana heshima zake, anapiga simu akiwa getini, na vitu vikavu vinakuja salama, mchele, sukari, majani ya chai, mafuta, hata mayai bado sijaona lililopasuka. Bei ni ileile ya dukani, unaongeza ya usafiri tu. Kwa mtu ana mtoto mchanga na mzee nyumbani huo ni msaada mkubwa wallahi.

Shida inaanza kitu kikikosekana. Hawaulizi. Wanatia kingine wanachoona kinafanana, pesa ushatuma M-Pesa kitambo, na wewe utajua ukishafungua mfuko. Kuna vya kuvumilia, kwa mfano maziwa freshi wakaleta yale ya pakiti ya kukaa muda mrefu, chai ikapikwa tukanywa. Nazi za kukuna wakaleta tui la paketi, mama mkwe akauliza kwani nazi zimekwisha Mombasa? Unga wa chapati wakaleta ule uliotiwa bekingi pauda tayari, chapati zikafura kama maandazi. Haya ni ya jikoni, yanaudhi ila hayaumizi mtu.

Nisiloweza kunyamazia ni vitu vya usafi. Hapa kwetu maji ya mfereji yakikatika tunanunua ya mkokoteni, jerikeni za lita 20, na hujui yametoka kisima gani, kwa hiyo ya kunywa lazima uyachemshe au uyatie dawa. Mimi naagiza jiki, ile dawa ya klorini, ya kawaida isiyotiwa manukato kwa sababu hiyo. Wakaniletea ya ndimu. Jamani, ile yenye manukato ni ya sakafu na nguo, haitiwi kwenye maji ya kunywa wala hauoshei mboga, na chupa zinafanana kabisa, dada anayenisaidia kazi angeichukua tu akatia kwenye mtungi kama siku zote. Siku nyingine jiki haikuwepo, wakaleta dawa ya choo yenye asidi. Pengine aliyepaki aliona zote ni za kusafishia choo basi yaleyale. Siyo yaleyale hata kidogo! Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, inachoma macho na kifua, na bafu zetu hizi zina kidirisha kimoja cha juu, ukisugua humo mlango umefungwa unaweza kuanguka. Mtu amezoea kutumia jiki, bado imebaki kidogo chooni, anamimina na hiyo juu yake, ndiyo ajali zinatokea hivyo.

Sabuni nayo. Maji ya kisima ya huku yana chumvi, sabuni ya kipande haitoi povu, unasugua nepi mpaka mikono inachubuka na utando unabaki kwenye kitambaa, ndiyo maana naagiza ya unga. Wanaleta kipande. Na kuna wakati waliniletea sabuni ya kampuni nisiyoijua kabisa. Ikikutokea hivyo angalia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, chukua namba iliyo chini ya alama uitume kwa SMS kwenda 20023, ukianza na SM#, watakujibu kama bidhaa imesajiliwa. Kwa kitu kinachogusa ngozi ya mtoto mimi siruki hiyo hatua.

Halafu upakiaji. Kuku mbichi, nyanya na dania mfuko mmoja. Tangu plastiki ipigwe marufuku 2017 tunatumia hii mifuko ya kitambaa, na maji ya kuku yanapita humo vizuri tu mpaka kwenye mboga, na hizo nyanya na dania ni za kachumbari, haziendi motoni. Kwa joto la huku boda ikae juani kidogo tu hivyo vijidudu vishazaana. Kuku na samaki nimeacha kuagiza kwao, naenda soko la Kongowea mwenyewe nachagua kwa macho yangu.

Ukienda mpaka ndani kwenye mipangilio ya apu kuna sehemu ya kuzima kubadilishiwa, na ukiizima wanaheshimu, hilo niwape haki yao. Ila ingekuwa imezimwa tangu mwanzo kwa dawa za kusafishia, vitu vya watoto na sabuni, anayetaka ndiyo awashe. Au wapige simu, dakika moja tu, dada jiki ya kawaida hakuna, tuache? Nitasema acheni, nipate ya duka la hapa chini.

Nyota 3. Naendelea nao kwa vitu vikavu. Kastama kea wanajibu kwa adabu na hawabishani, lakini pesa wanarudisha kama pointi za kununulia tena humohumo kwao. Mimi nililipa M-Pesa, nirudishieni M-Pesa, maana hiyo jiki bado inabidi nikainunue kwingine leoleo.